Nyumba niliyoijenga kwa mwani: je, dini inaninyima fungu langu?

Assalaam alaykum, Bi Mshauri.

Mimi ni mwanamke wa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, mama wa watoto wanne, na kazi yangu tangu usichana ni kilimo cha mwani. Niliolewa karibu miaka ishirini iliyopita na mwanamume wa kijiji hicho hicho, ambaye alikuwa mvuvi na baadaye akapata kazi ya ulinzi hotelini. Tulianza kwa kukaa chumba kimoja nyumbani kwa wakwe zangu, mpaka baba mkwe alipompa mume wangu kiwanja, nasi tukaanza kujenga.

Naomba nieleze nyumba hiyo ilivyojengwa, kwa sababu hapo ndipo penye ugomvi. Kila bamvua nilishuka pwani maji yakitoka, nikafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, nikavuna, nikabeba viroba vya mwani mbichi kichwani mpaka juu na kuuanika, na siku ya kupima nilitoka kwa mnunuzi moja kwa moja hadi duka la vifaa vya ujenzi. Matofali ya msingi na sehemu kubwa ya saruji nilinunua mimi. Bati zote za paa zilitokana na mkopo niliouchukua kwa jina langu katika kikoba chetu cha wanawake, na nikaulipa kwa mwani. Tulipokosa fedha za milango niliuza bangili mbili za dhahabu zilizokuwa sehemu ya mahari yangu. Mume wangu naye alilipa mafundi, alinunua mbao na aliingiza umeme, wala sisemi kwamba hakufanya kitu.

Mwaka huu aliniambia kwamba anataka kuoa mke wa pili na kwamba mke huyo ataishi katika nyumba ile. Sikumkataza kuoa, nilimwambia tu amtafutie mwenzangu nyumba yake. Maneno yakawa mengi, akanitamkia talaka moja, na wiki hiyo hiyo akaniambia niondoke. Sasa niko kwa kaka yangu pamoja na watoto wawili wadogo, na eda yangu haijamalizika. Juzi shemeji yangu alileta karatasi iliyoandikwa kwamba nimepokea haki zangu zote na sina dai lolote juu ya nyumba, akasema nikitia saini nitapewa karatasi yangu ya talaka. Sijatia saini.

Nilikwenda kumuuliza ustadhi anayetusomesha darsa za wanawake. Alinijibu kwa upole lakini kwa mkato, kwamba katika Uislamu mali ya mume ni ya mume, kwamba kiwanja ni cha ukoo wake, na kwamba mwanamke aliyeachwa haki zake ni mahari iliyobaki na nafaka ya eda, yaani matunzo ya kipindi cha eda. Alisema pia kwamba nilichokitoa nilimsaidia mume wangu, thawabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, na kukidai sasa ni kuifuta thawabu hiyo. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alisema amesoma kwamba Morocco na Malaysia wanawake wa Kiislamu hupewa fungu lao. Ustadhi akajibu kwamba hizo ni sheria za Wazungu zilizovishwa kanzu.

Bi Mshauri, mimi ni mtu wa swala na saumu, na sitaki nyumba itakayokuja kunihukumu Siku ya Kiyama. Hata hivyo roho yangu haitulii nikifikiri kwamba jasho la miaka yote hiyo si langu. Je, nikienda kwa kadhi kudai fungu langu nitakuwa nimeiasi dini yangu? Na huko kwa Waislamu wenzetu, mambo haya huamuliwaje?

Mkulima wa mwani, Kusini Unguja

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nianze na hofu yako, maana naona inakuumiza zaidi kuliko kupotea kwa nyumba yenyewe. Kwenda kwa kadhi kudai unachoamini ni haki yako si uasi. Sura ya 58 ya Kurani, Al-Mujadila, imepata jina lake kwa mwanamke aliyejadiliana. Khawla bint Thaalaba alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumshitaki mumewe, Aus bin Samit, aliyemtamkia kuwa kwake ni kama mgongo wa mama yake, tamko ambalo enzi za ujahilia lilimwacha mwanamke akining'inia, si mke wala si mtalaka. Hakuridhika na jibu la kwanza, alirudia hoja yake na kumlilia Mola wake, na Sura ikafunguka kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kusikia maneno ya mwanamke huyo. Ikiwa Khawla alibishana juu ya mumewe mbele ya Mtume mwenyewe na akasikilizwa, sioni ni dhambi gani utakayoipata kwa kusimama mbele ya kadhi wa wilaya yako.

Lipo jambo ambalo ustadhi hakukuambia, na limenisikitisha, kwa kuwa halihitaji tafsiri ya mtu yeyote. Aya ya kwanza ya Sura At-Talaq inawakataza waume kuwatoa wake zao majumbani wakiwa katika eda, isipokuwa kama wametenda uchafu ulio wazi, na inaziita nyumba hizo kuwa ni za wanawake wenyewe. Talaka uliyopewa ni moja, tena ni ya rejea, yaani mume anaweza kukurejea ndani ya eda, hivyo mpaka twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi, zimalizike una haki ya kukaa katika nyumba ile, kulishwa na kuvishwa. Mumeo amekutoa kinyume cha jambo lililoandikwa waziwazi, na hili ndilo la kwanza utakalomwambia kadhi, kabla ya kutaja tofali hata moja.

Sasa tuje kwenye mali. Kwa insafu, msingi anaousimamia ustadhi ni wa kweli kwa nusu yake. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ndoa haichanganyi mali. Cha mume hubaki cha mume na cha mke hubaki cha mke. Kanuni hiyo imewahifadhi wanawake wa Kiislamu kwa karne nyingi, na inafaa ikumbukwe kila watu wanapozungumza kuhusu sheria za Wazungu, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa nchini Uingereza alisubiri mpaka sheria ya mwaka 1882 ndipo akamiliki mali yake kikamilifu bila mumewe kuwa na mkono ndani yake. Lakini kanuni hiyo hiyo inakuhusu na wewe. Ikiwa cha mke hubaki cha mke, basi fedha za mwani wako na bangili za mahari yako hazikugeuka kuwa mali ya mumeo kwa sababu tu ziligeuzwa saruji na bati. Ustadhi ameishika kanuni upande unaomlinda mume, akauacha upande unaokulinda wewe, na ninaamini amefanya hivyo kwa mazoea tu, bila nia mbaya, kwani ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa.

Kwa hiyo swali lenyewe ni moja: ulipotoa fedha zile, ulizitoa kwa njia gani? Zaweza kuwa hiba, yaani ulimpa mumeo moja kwa moja. Zaweza kuwa mkopo. Zaweza kuwa ushirika, yaani mlijenga pamoja nyumba ya wote wawili. Ustadhi amekwisha kuamua kwamba ni hiba, na ndiyo sababu amekutisha kuhusu thawabu, kwa kuwa ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) amemkemea vikali mtu anayerudia hiba yake. Lakini hiba ina masharti. Aya ya 4 ya Sura An-Nisaa inasema kwamba mume anaweza kula kitu cha mahari ya mkewe pale tu mke anapomtunukia kwa radhi ya nafsi yake, na ukimya wa mke anayehangaikia paa la watoto wake haujawa utunuku. Wala huwezi kuambiwa kwamba ulikuwa unatimiza wajibu wako, kwa sababu malazi ya mke ni wajibu wa mume, na katika hili madhehebu yote yanakubaliana. Jiulize kwa uaminifu, bila mimi wala kaka yako kukutilia maneno mdomoni. Ikiwa moyoni ulimpa, basi umempa. Ikiwa ulijua unajenga nyumba utakayozeekea, hukuwa unamwandalia mwingine, na unaweza kuapa juu ya hilo bila kutetemeka.

Binti yako amesoma vizuri, na ninataka umpe majibu kamili ya yale aliyoambiwa. Kabla ya Mfaransa kuweka himaya yake Morocco mwaka 1912, zaidi ya miaka mia tatu nyuma, katika karne ya 16, kadhi mmoja wa mji wa Chefchaouen aliyejulikana kama Ibn Ardun aliletewa mashauri ya wanawake wa milima ya Ghomara. Wanawake hao walivuna na kupura nafaka bega kwa bega na waume zao, kisha wakiachwa au kufiwa waliondoka mikono mitupu. Ibn Ardun alitoa fatwa kwamba wana fungu katika mazao kwa kadiri ya kazi yao. Wanazuoni wa Fez walihitilafiana naye, na ikhtilafu hiyo imeandikwa katika vitabu vya madhehebu ya Malik kama ikhtilafu nyingine yoyote ya wanazuoni, bila mtu kumtoa Ibn Ardun katika dini. Wanawake wale walishika mundu shambani na wewe umeshika kamba baharini. Sioni tofauti ambayo kadhi yule angeiona kati yenu. Haki hiyo, ambayo Wamorocco huiita haki ya juhudi na uchumi wa mke, ndiyo iliyo nyuma ya kifungu cha 49 cha sheria ya familia ya Morocco ya mwaka 2004, Mudawana. Kifungu hicho kinaacha mali ya kila mmoja mahali pake, kinawaruhusu wanandoa kuandikiana namna watakavyogawana watakachochuma, na pasipokuwa na maandishi kinamtaka hakimu aangalie kazi, juhudi na mizigo ya kila upande. Mfalme Mohammed wa Sita alipoipeleka mbele ya bunge alisema kwamba hawezi kuhalalisha alichoharamisha Mwenyezi Mungu wala kuharamisha alichokihalalisha. Sitaki kukupambia: wengi huona haya kuandikiana mambo ya mali siku ya harusi, na mke asiye na hati huko hubaki na mzigo mzito wa kuthibitisha.

Malaysia na Indonesia zinatugusa kwa karibu zaidi, kwa sababu Waislamu wake wengi ni wafuasi wa Imam Shafi kama sisi. Malaysia ina kitu kinachoitwa harta sepencarian, mali iliyochumwa wakati wa ndoa, na sheria ya familia ya Kiislamu ya Maeneo ya Shirikisho ya mwaka 1984 inaipa mahakama ya sharia uwezo wa kuigawa, ikizingatia hata kazi ya mke ambaye hakutoa fedha ila alitunza nyumba na familia. Indonesia ilikusanya hukumu zake za Kiislamu mwaka 1991, na kifungu cha 97 kinampa kila mmoja wa waliotalikiana nusu ya mali ya pamoja ikiwa hawakuandikiana vinginevyo. Wanazuoni wa huko walijua kwamba Imam Shafi hakuukubali ushirika wa kazi za mikono, ambao Malik na Abu Hanifa waliukubali. Hawakulificha hilo. Waliitazama familia ya mkulima, mke na mume wanaotoka pamoja alfajiri, wakaona kwamba katika suala hili kauli ya maimamu wengine inakaribia zaidi uadilifu, nao wakaichukua. Hiyo ni njia ya wanazuoni tangu zamani, na sioni kanzu ya Mzungu mahali popote ndani yake.

Kuna Aya ambayo huenda utaisikia mahakamani, ya 32 katika Sura An-Nisaa, isemayo kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Wafasiri wengine wameielekeza kwenye thawabu za Akhera, wengine kwenye mirathi, wengine kwenye mapato ya dunia. Mimi si mwanachuoni wa kuwaamulia. Ila ninaona kwamba anayekuambia dini ina kauli moja tu juu ya jasho la mke amekuchagulia tafsiri moja kati ya nyingi, na ana wajibu wa kukujulisha kwamba amechagua.

Sasa tushuke nyumbani. Ukisikia jamaa zako wa Dar es Salaam wakitaja kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ujue kwamba ilitokana na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haitumiki Zanzibar. Wewe unakwenda kwa Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar ya mwaka 2017, ambayo imempa kadhi mamlaka ya kusikiliza madai ya mali za wanandoa pale ambapo kuna mchango halisi. Maneno hayo, mchango halisi, yamewaumiza wanawake wengi ambao mchango wao ni kupika, kulea na kuuguza, na ninatamani siku moja yapanuliwe kama walivyofanya Malaysia. Kwako wewe ni mlango ulio wazi, maana mchango wako ni wa fedha na unaweza kuhesabika.

Uthibitisho wako mkubwa uko katika daftari la kikoba. Mwombe mwenyekiti na mweka hazina wakupe nakala ya ukurasa ulioandikwa mkopo wako, tarehe, kiasi, sababu ya mkopo na marejesho, na uwaulize kama wako tayari kuja kusema waliyoyaona. Tafuta risiti zozote za duka, hata zilizofifia, na kama duka lina daftari la wateja, muulize mwenye duka. Fundi aliyeezeka anajua bati zilipakuliwa kutoka gari gani na nani alizilipa. Katika mambo ya mali, madhehebu ya Shafi hukubali hata shahidi mmoja mwanamume pamoja na kiapo cha mdai, kwa hiyo usikate tamaa ukimpata fundi peke yake. Sonara aliyenunua bangili naye huenda ana kumbukumbu.

Kuhusu kiwanja, usidai kisichokuwa chako. Ardhi alipewa mumeo na baba yake, na ukiigusa utakuwa umewapa hoja ya bure. Dai lako ni jengo, au thamani ya ulichoweka ndani yake. Mwenye kujenga juu ya ardhi ya mwingine kwa idhini ya mwenyewe hapotezi mali yake kwa sababu ardhi si yake, na kadhi anaweza kuagiza jengo lithaminiwe na ulipwe fungu lako ikiwa mumeo anataka kubaki na nyumba.

Karatasi aliyoleta shemeji yako usiitie saini. Mumeo amekuacha kwa hiari yake mwenyewe, hivyo hii si khului, ambamo mke hutoa kitu ili ajivue. Hudaiwi chochote ili kupewa uthibitisho wa talaka ambayo ameitamka mwenyewe, na kadhi anaweza kuithibitisha hata kama yeye hataki kuandika. Dai pia mahari kama kuna iliyobaki, nafaka ya eda, matunzo ya watoto, na kitoka nyumba, ambacho ni kile cha kuwaliwaza wanawake walioachwa kilichotajwa katika Aya ya 241 ya Sura Al-Baqara, na ambacho katika kauli inayotegemewa ya madhehebu ya Shafi ni wajibu kwa mke aliyeachwa bila kosa lake. Ustadhi alikisahau nacho.

Kabla ya kwenda, pitia kwa msaidizi wa sheria wa shehia yako au kwa Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, wakusaidie kuandika madai. Nenda na kaka yako, lakini uzungumze mwenyewe, kwani anayeijua nyumba ile tofali kwa tofali ni wewe. Kadhi huenda akaanza kwa kujaribu suluhu. Isikilize, ila lolote mtakalokubaliana liandikwe na lishuhudiwe hapo hapo. Na usipotendewa haki, unaweza kukata rufaa.

Nenda wiki hii, eda ikiwa bado, kwa sababu mumeo akiona shauri linafunguliwa anaweza kukurejea, na rejea ya talaka moja ndani ya eda haihitaji ridhaa yako. Ikiwa hivyo, rudi nyumbani kwako kwa amani ukitaka kuendelea naye, lakini usiyaondoe madai ya jengo mpaka mume wako akiri kwa maandishi, mbele ya kadhi na mashahidi, ni kiasi gani cha nyumba ile ni chako.